Betri kubwa kwenye drili ya volti ndogo: mwongozo kamili wa kuoanisha bila kuunguza mota wala seli

Drili nyingi za zamani za volti 12, 14.4 na 18 zilizolala kwenye masanduku ya mafundi hazina ubovu. Mota inazunguka, gia ni za chuma, kishikio cha biti bado kinakaza. Kilichokufa ni betri ya NiCd (nikeli-kadimiamu, aina ya zamani), na betri mpya ya aina ileile ama haipatikani ama inauzwa kwa bei ya kukukatisha tamaa. Madukani nako betri za lithiamu zimejaa, nyepesi na zenye chaji nyingi. Ndiyo maana kila fundi huuliza: je, hii kubwa naweza kuiweka kwenye ile ndogo?

Unaweza, ila kuna mambo matatu ya kupanga kwanza. Volti zilingane na mota. Ampea-saa ziwe nyingi kadiri mfuko na mkono vinavyoruhusu. Na la tatu, ambalo ndilo linaloua betri nyingi za lithiamu kwenye mashine za zamani: lazima pawe na kitu kinachokata umeme seli zinapokaribia kuisha. Drili ya NiCd haina kitu hicho. Ilitengenezwa ukiwa wewe mwenyewe ndiye unayesikia mota imelegea, ukaachia. Lithiamu hailegei mapema namna hiyo. Inaendelea kusukuma hadi seli moja inashuka chini ya volti 2.5, na hapo imeshaumia.

Volti na Ah si kitu kimoja

Volti ndizo zinazoamua mota izunguke kwa kasi gani. Ampea-saa, yaani Ah, ni ukubwa wa tangi tu. Betri ya 14.4V yenye 5Ah haiisukumi mota kwa nguvu za kuiunguza eti kwa kuwa ina Ah nyingi kuliko ile ya 1.3Ah iliyokuja nayo. Mota huchukua ampea inazohitaji kulingana na kazi, basi. Kwa hiyo hofu ya kwamba "Ah kubwa itachoma mashine" iweke kando.

Kuna jambo dogo la kweli ndani ya hofu hiyo, na tuliseme. Betri kubwa volti zake hazidondoki sana mota inapokwama. Ya zamani ya 1.3Ah ilikuwa ikizidiwa na kushuka, na huko kushuka kuliisaidia mota bila mtu kujua. Ukiweka 5Ah, mota iliyokwama kwenye nondo inapata ampea zote inazozitaka. Dawa ni kutumia ile pete ya namba za kukaza skrubu kama ilivyokusudiwa, na kuachia swichi mara tu biti inapong'ang'ania.

Sasa hesabu ya seli, kwa sababu yote yanayofuata yanaitegemea. Seli moja ya NiCd ni 1.2V, na ikijaa chaji hufika kama 1.4V. Seli ya kawaida ya lithiamu ni 3.6V, ikijaa 4.2V. Hivyo:

- 9.6V ya NiCd ni seli 8, ikijaa ni kama 11.2V.
- 12V ni seli 10, ikijaa ni kama 14V.
- 14.4V ni seli 12, ikijaa ni kama 16.8V.
- 18V ni seli 15, ikijaa ni kama 21V.

Na upande wa lithiamu: seli 3 za mfululizo, mafundi huandika 3S, hujaa kwa 12.6V, 4S kwa 16.8V, 5S kwa 21V. Tazama namba zinavyokutana. 14.4V ya zamani na 4S ni pacha kamili. 18V ya zamani na 5S vilevile. Yenye usumbufu ni 12V, na tutairudia.

Lebo za dukani zinachanganya makusudi. "12V max" ni 3S, ambayo kwa kawaida ni 10.8V. "20V max" na "18V" za lithiamu ni kitu kimoja, 5S, moja imeandikwa kipimo cha ikiwa imejaa na nyingine kipimo cha katikati. Zipo pia betri za bei nafuu zilizoandikwa 48V, 88VF na hata 128VF. Nyingi ukizipima zimejaa utapata kama 21V, yaani 5S ileile. Usinunue namba ya stika. Beba mita, pima betri iliyojaa, gawanya kwa 4.2, utajua ina seli ngapi za mfululizo.

Kama kampuni imekwisha kukurahisishia

Kabla hujafungua kitu chochote, angalia kama tatizo lako lina jibu la kununua.

Ryobi wa mfumo wa One+ wamebaki na umbo lilelile la betri tangu 1996, kwa hiyo betri yao ya lithiamu ya 18V inaingia kwenye mashine za bluu za enzi za NiCd. DeWalt wana adapta ya DCA1820 inayoweka betri za 20V max kwenye mashine zao za zamani za 18V. Betri zao za FlexVolt nazo zinaingia kwenye mashine za 20V max. Ile iliyoandikwa 6Ah ni 6Ah kwenye volti 20, na 2Ah tu inapofanya kazi kwenye volti 60, kwa sababu ndani seli zilezile hujipanga upya.

Adapta za kuunganisha kampuni moja na nyingine, zile za plastiki zenye waya mbili, ni habari tofauti. Zinafanya kazi, ndiyo. Ila betri nyingi za kisasa hazijikati zenyewe: mashine ya kampuni husika ndiyo inayosoma volti za seli kupitia vile vipini vidogo vya pembeni na kuzima. Adapta inabeba chanya na hasi tu. Ukitumia hadi mota isimame, umeiua betri ya gharama. Tumia adapta ya aina hiyo ukiwa umeiwekea kikata-umeme, au uwe na nidhamu ya kuchomoa betri pale taa zake zinapobaki nukta moja. Na kazi ikiisha betri isilale ikiwa imechomekwa.

Volti kubwa moja kwa moja kwenye mota ndogo

Wapo wanaochukua betri ya 18V wakaifunga waya kwenye drili ya 12V, ikazunguka vizuri, wakatangaza ushindi. Hesabu ni hii. Mzunguko wa bure hupanda sawa na volti: drili ya mizunguko 1,000 kwa dakika inakwenda 1,500. Ampea za mota iliyokwama nazo hupanda mara 1.5. Lakini joto kwenye waya za mota huenda kwa mraba, kwa hiyo ni mara 2.25. Mota iliyokuwa ikivumilia sekunde kumi za kung'ang'ania sasa ina kama nne. Brashi za kaboni hutoa cheche kubwa, na komyuteta, yaani shaba inayoguswa na brashi hizo, huanza kuwa nyeusi.

Kitu kingine cha kuangalia ni swichi. Ndani ya swichi ya kasi mna transista na diodi. Toa swichi nje usome maandishi yake. Nyingi zimeandikwa 7.2–24V na ampea zake, hizo zina nafasi. Ikiwa imeandikwa 12V peke yake, usijaribu zaidi.

Mpaka tunaoupendekeza: nyongeza ya asilimia 20 juu ya volti za asili, kwa drili na bisibisi za brashi tu, kwa kazi za mikupuo mifupi. Yaani 4S kwenye mashine ya 12V, ambako joto la kukwama hupanda mara 1.44. Msumeno wa mviringo, grainda na chochote kinachofanya kazi mfululizo, hapana. Kwenye hizo kasi ya diski au bapa la msumeno ina kikomo kilichoandikwa juu yake, na kuvuka kikomo hicho ni kucheza na uso wako. Mota zisizo na brashi zina bodi yake ya umeme ambayo ama itakataa kuwaka ama itaungua. Hizo mpe volti zake tu.

Kwa mwenye mashine ya 12V, basi, chaguo ni tatu. 3S inakupa drili yenye nguvu pungufu kidogo, lakini salama kabisa. 4S ina nguvu za ziada na masharti tuliyoyataja. Ya tatu ni seli nne za lithiamu za fosfeti ya chuma, LiFePO4: kila moja ni 3.2V, nne ni 12.8V, zikijaa 14.6V. Zinalingana na 12V ya zamani kuliko kitu kingine chochote, na hazishiki moto kirahisi. Kasoro yake ni ukubwa. Seli ya 32650 ina kipenyo cha milimita 32, na boksi la drili halina nafasi hiyo mara nyingi. Kama una mashine ya kutumia ukiwa umesimama sehemu moja, weka seli hizo kwenye kiboksi cha kiunoni na waya fupi.

Kujenga betri ya 14.4V, 4S2P

Huu ndio mfano kamili, kwa sababu volti zinalingana bila maombi. 4S2P maana yake ni hatua nne za mfululizo, kila hatua ikiwa na seli mbili sambamba. Anayejenga ya 18V afuate hatua zilezile kwa 5S, chaja ya 21V na bodi ya 5S.

Mahitaji:

- Seli 8 za 18650 (za duara, mm 18 kwa 65) za ampea nyingi. Samsung 25R ni 2.5Ah na 20A kila moja. LG HG2 ni 3Ah na 20A. Samsung 30Q ni 3Ah na 15A. Mbili sambamba za 25R zinatoa 5Ah na ampea 40.
- Bodi ya ulinzi, BMS, ya 4S ya lithiamu ya 3.6V, angalau ampea 40.
- Mkanda wa nikeli halisi, 0.15 mm kwa 8 mm, kama mita moja.
- Waya laini wa 2.5 mm² wa kubebea mota, na waya mwembamba wa 0.3 mm² kwa kusoma seli.
- Soketi ya chaji ya 5.5 × 2.1 mm, na chaja ya lithiamu ya 16.8V, 2A.
- Fyuzi ya gari ya 30A na kishikio chake.
- Viduara vya karatasi vya kuhami kwenye vichwa vya seli, mkanda usioungua kwa joto, na plastiki ya kubana.

Kuhusu seli: hakuna 18650 yenye 9,900 mAh duniani. Kikomo ni karibu 3,500, na zile za ampea nyingi huishia kama 3,000. Mizani ya jikoni inatosha kukamata feki nyingi: seli nzuri ina gramu 45 hadi 48, ikisoma 30, weka chini. Seli zilizotolewa kwenye laptopu ni nzuri kwa tochi na redio. Kwa drili si nzuri, maana nyingi zilitengenezwa kutoa ampea 4 au 5 kila moja, na drili inayokwama huomba zaidi ya 40. Zitapata moto na volti zitadondoka, nawe utaisingizia bodi ubovu.

Mkanda wa nikeli nao una feki, ambayo ni chuma kilichopakwa nikeli. Kipande kikwaruze kwa kisu, kitumbukize kwenye glasi ya maji ya chumvi, kiache usiku kucha. Kikiamka na kutu ya kahawia kwenye mkwaruzo, ni chuma. Upinzani wake kwa umeme ni mkubwa zaidi na kitakuwa hita ndani ya betri yako.

Anayeagizia vitu Dubai ajue kuwa betri za akiba za lithiamu hupandishwa kwenye ndege ndani ya mzigo wa mkononi, si wa kukabidhi. Chini ya Wh 100 (wati-saa, yaani volti mara Ah) hazina kikwazo kikubwa. Hii yetu ni 14.4 × 5, yaani Wh 72. Betri ya 18V ya 6Ah ni Wh 108, na hiyo hutaka idhini ya shirika la ndege.

Sasa kazi.

1. Fungua boksi la zamani. Skrubu nyingi ni za nyota, T10 au T15. Piga picha kabla ya kutoa chochote, na uandike kwa kalamu ya wino chanya ni ipi. Kwenye boksi lenye mnara unaoingia kwenye mkono wa drili, terminali zimekaa juu ya seli moja iliyosimama. Kata mkanda wa seli hiyo taratibu ubaki na kile kichwa cha terminali; utakihitaji.

2. Usichome wala kupasua seli za NiCd. Kadimiamu ni sumu. Ziweke kwenye mfuko na kuzifunga ncha kwa seloteipu hadi utakapompata anayekusanya taka za umeme.

3. Terminali ya tatu, ile ya kipima joto cha chaja ya zamani, ikate kabisa na uizibe. Lengo ni kwamba hata mtoto akiipachika betri hii kwenye chaja ya NiCd, isichaji. Chaja ile hungoja volti zishuke kidogo au seli zipate joto ndipo izime. Kwa lithiamu kungoja huko ni moto.

4. Pima seli zote nane. Zipishane kwa si zaidi ya 0.02V kabla ya kuzifunga sambamba. Yoyote uliyoikuta chini ya 2V ikataliwe hata kama inakubali chaji.

5. Zipange ndani ya boksi zikiwa kavu, bila mkanda wowote, uhakikishe kifuniko kinafunga na bodi ina nafasi yake. Boksi la 14.4V lilibeba seli 12 fupi na nene. Nane ndefu huingia kwenye maboksi mengi lakini si yote. Zikikataa, jenga 4S1P kwa seli nne na ukubali 2.5Ah, ambayo bado inashinda ya zamani. Ndani ya mnara, mahali pa seli ya zamani, weka kipande cha mti kilichochongwa kwa kipenyo kilekile, kama 22 mm, ili kichwa cha terminali kisizame ukisukuma betri ndani. Usiweke karatasi iliyokunjwa; baada ya wiki itaporomoka na betri itaanza kukata na kuunga.

6. Weka viduara vya kuhami kwenye kila kichwa cha chanya. Ukingo wote unaokizunguka ni hasi, na mkanda ukiugusa seli inapiga shoti hapohapo.

7. Unganisha kwa mashine ya kupiga spoti, ile inayochomelea mkanda kwenye seli kwa nukta ndogo. Jozi mbili sambamba, kisha jozi nne kwa mfululizo. Mkanda mmoja wa 0.15 × 8 hubeba kama ampea 7 bila kupata joto, kwa hiyo kwenye kila kiungo cha mfululizo weka mikanda miwili, mmoja kwa kila seli ya jozi, na juu yake tabaka la pili. Kama huna mashine hiyo, nunua seli zilizokuja na vikanda vyake, ulehemu kwenye vikanda. Kulehemu moja kwa moja kwenye seli ni njia ya mwisho kabisa: kifaa cha wati 80 au zaidi chenye ncha pana, kwaruza uso kwanza, sekunde mbili, toa. Kifaa kidogo cha wati 30 ndicho kinachoua, kwa sababu unakaa nacho hadi joto linafika kwenye mpira wa kuziba seli.

8. Waya za bodi. Za katikati ni zile nyembamba, lakini ya 0V na ya 16.8 hubeba umeme wa mota, kwa hiyo ziwe za 2.5 mm². Anzia hasi ya betri nzima, kwenye bodi imeandikwa 0V au B−. Kisha 4.2, 8.4, 12.6, na mwisho 16.8 au B+. Kabla ya kulehemu kila waya kwenye bodi, pima kati yake na 0V. Seli zikiwa na 3.7V utasoma 3.7, 7.4, 11.1, 14.8. Namba ikiruka, simama. Waya mbili zilizobadilishana ndizo zinazounguza bodi mpya nyingi kabla hazijafanya kazi hata dakika moja.

9. P− na P+ ni upande wa bodi wa kutolea umeme. P− iende kwenye terminali hasi ya drili, P+ ipitie kwenye fyuzi ya 30A hadi terminali chanya. Fyuzi ya gari huvumilia mikupuo mifupi ya kuanzia, kwa hiyo haitakusumbua. Soketi ya chaji ishike P+ na P− hizohizo, ila waya wake wa chanya uungwe upande wa betri, kabla ya fyuzi ya mota, na uwe na kifyuzi chake cha 5A.

10. Pima P+ na P−. Ukisoma sifuri au volti moja mbili, usihangaike: bodi nyingi huzaliwa zimelala. Chomeka chaja kwa sekunde chache itaamka.

11. Chaji hadi mwisho. Kwa 2A, betri ya 5Ah huchukua kama saa tatu, kwa kuwa sehemu ya mwisho huenda polepole. Ikijaa, pima kila jozi: zote ziwe kati ya 4.15 na 4.20V.

12. Jaribu kabla ya kufunga. Zungusha bure. Kisha kaza skrubu kwenye mbao, pete ya kukaza ikiwa namba ya chini, uone kama bodi inakata. Toboa mbao kwa biti ya mm 10 mfululizo kwa dakika mbili, kisha gusa mikanda. Vuguvugu ni sawa. Panapokuunguza kidole pana kiungo kibovu, na hapo pagonge upya.

13. Funga seli kwa plastiki ya kubana, jaza mapengo kwa sponji ngumu, maana mtikisiko ndio unaong'oa spoti. Andika nje kwa maandishi makubwa: LITHIAMU, CHAJA 16.8V TU.

Betri hii itakuwa na kama gramu 370 za seli, mahali ambapo seli 12 za NiCd zilikuwa karibu 600, na nishati inayozidi ya zamani ya 1.3Ah karibu mara nne.

Bodi ya BMS: hapa ndipo wengi hukwama

Bodi za bei nafuu za 3S na 4S huja kwa sura mbili zinazofanana. Moja ina vipinzani vidogo vya kusawazisha seli, lakini haipendi mkupuo mkubwa wa kuanzia. Nyingine haina vipinzani hivyo, ila imetengenezwa kuvumilia mota. Ukinunua ya kwanza kwa drili, kila ukivuta swichi kwa nguvu inakata, ukiachia na kungoja inarudi. Kwa drili chagua ya pili, na kazi ya kusawazisha ifanye wewe: mara moja moja baada ya chaji kujaa pima jozi. Tofauti ikizidi 0.05V, chukua kimoduli cha TP4056, kile cha bei ya soda kinachochaji 4.2V kwa ampea moja, ukiunge kwenye jozi iliyobaki nyuma peke yake, chaja kubwa ikiwa imechomolewa, hadi taa ibadilike.

Bodi ikikata na hujui kosa ni la nani, pima jozi moja moja mtu mwingine akiwa amevuta swichi kwenye kazi nzito. Jozi moja ikishuka hadi 2.6 wakati nyingine ziko 3.4, ugonjwa ni wa seli au spoti ya jozi hiyo. Zote zikishuka pamoja, seli ni dhaifu kwa kazi. Zote zikiwa imara na bado inakata, ndipo ulaumu bodi.

Chaja nayo ikiwasha taa ya kijani papo hapo wakati betri haijajaa, tafuta waya mwembamba uliokatika. Bodi ikishindwa kusoma jozi moja hufunga kila kitu.

Betri ya 18V na vifaa vya 12V visivyo mota kubwa

Tochi, redio ya kazini, feni ndogo, pampu ndogo: hapa kipunguza volti kinafaa sana. Kirekebishe kitoe 12.5V ukiwa hujaunga kifaa, pima, kisha unga. Kilichoandikwa 20A kichukulie kuwa ni cha 10A kwa kazi ya muda mrefu, na bati lake la kupoza lisifunikwe. Kati yake na betri weka moduli ya kukata umeme volti zikishuka, uipange 15V kwa betri ya 5S. Kwa drili usipoteze fedha kununua kipunguza volti. Mkupuo wa kuanzia utakizima au utakivunja, na chenye uwezo wa kweli wa ampea 40 hakiingii kwenye mkono wa drili.

Waya kutoka betri ya sola

Kwa anayefunga mabati au makabati mahali pasipo na umeme, na ana drili ya 12V, hii ndiyo njia rahisi kuliko zote: betri ya sola ya 12V na waya mrefu. Volti zake zikijaa ni kama 12.7, na hazidhuru kitu.

Unene wa waya ndio kila kitu. Kwa umbali wa mita 5, umeme unasafiri mita 10 kwenda na kurudi. Waya wa 1.5 mm² kwa ampea 20 utakula 2.3V njiani, drili ikawa kama ya 9.6V. Wa 4 mm² utakula chini ya 0.9V. Nunua wa 4, mlaini, na ufungie fyuzi ya 30A karibu kabisa na chanya ya betri, si mbali zaidi ya shibiri moja. Unga kwenye vichwa vya betri yenyewe. Ile tundu la mzigo kwenye kidhibiti chaji cha sola cha 10A halikutengenezwa kwa ajili ya mota, na mkwamo mmoja wa biti unatosha kuichoma. Mita ikisoma 11.8V drili ikiwa imepumzika, acha kazi uisubirie jua.

Kutunza

Betri ya lithiamu itakayokaa bila kazi mwezi mzima iachwe ikiwa na 3.7 hadi 3.8V kwa seli, yaani kama 15V kwa 4S, ikiwa imechomolewa kwenye drili. Iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari juani au juu ya bati huzeeka mara moja. Ikivimba, ikitoa harufu tamu kama ya dawa ya kucha, au ikipata joto ikiwa imekaa tu, itoe nje ya nyumba, iweke juu ya mchanga mbali na chochote kinachowaka, na usiichaji tena.